Besi ya kusimama ya umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapigaji wa Lubumbashi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mpigaji wa Lubumbashi ambaye tayari analijua gitaa la besi, awe wa kwaya ya kanisa, wa bendi ya rumba au wa kikundi cha jazi, na ambaye anafikiria kununua, kuazima au kutengenezesha besi ya kusimama ya umeme. Nyuzi zimetajwa kwa majina tunayoyatumia hapa, yaani Mi, La, Re na Sol, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba.

Besi ya kusimama ya umeme ni chombo cha aina gani?

Ni chombo chenye shingo, ubao wa vidole na urefu wa nyuzi wa kontrabasi (ile besi kubwa ya mbao inayopigwa ikiwa wima), ila kimeondolewa lile tumbo kubwa la mbao linalokuza sauti. Badala ya tumbo hilo kuna kiwiliwili chembamba cha mbao, kizima au chenye uwazi mdogo ndani, na kwenye daraja, yaani kipande kinachobeba nyuzi, huwekwa pikapu inayogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa mkondo wa umeme. Ukiipiga bila amplifaya utaisikia wewe na aliye karibu nawe tu. Nyuzi hukazwa kama zile za gitaa la besi: Mi ya chini ina masafa ya takriban hezi 41, La 55, Re 73 na Sol 98. Kwa hiyo noti unazozijua zinabaki kamba kwa kamba katika mpangilio uleule, na kinachobadilika ni umbali kati yake, ambao ndio chanzo cha karibu kila swali linalofuata.

Je, ni uvumbuzi wa juzi?

Hapana. Rickenbacker ya Marekani ilikuwa na besi ya kusimama ya umeme katika miaka ya 1930, kabla Leo Fender hajaleta gitaa lake la besi, Precision Bass, mwaka 1951. Iliyoipa aina hii jina kubwa ni Baby Bass ya kampuni ya Ampeg, iliyoingia sokoni mwaka 1962 kutokana na chombo kilichotangulia kilichoitwa Zorko. Kiwiliwili chake kilikuwa cha plastiki, na wapiga salsa wa New York, Andy González miongoni mwao, waliipenda kwa sababu noti yake hugonga kwa uzito kisha hufifia upesi, ikiziachia ngoma za konga na timbale nafasi yake.

Kwetu jambo hilo lina uzito wa pekee. Rumba ya Kongo ilikua kwa kusikiliza sahani za muziki wa Kuba za mfululizo wa GV, ambazo zilianza kufika nchini katika miaka ya 1930, na bendi za Léopoldville, Kinshasa ya leo, za miaka ya 1950 zilipiga kontrabasi kabla gitaa la besi halijaenea. Mtu anayepiga rumba ya taratibu kwa besi ya kusimama anaurudishia muziki huo sauti iliyokuwa yake tangu mwanzo.

Kwa nini nisinunue tu gitaa la besi lisilo na freti?

Ikiwa unachotaka ni ule mteremko laini kati ya noti mbili, gitaa lisilo na freti (vile vyuma vinavyogawa ubao wa vidole) litakutosha, litakugharimu kidogo na utalibeba kwenye pikipiki. Besi ya kusimama inatoa kitu kingine. Urefu wa uzi wake, kutoka kizingiti cha juu hadi kwenye daraja, ni takriban sentimita 105, wakati ule wa gitaa la besi la kawaida ni sentimita 86.4. Uzi mrefu unaokazwa hadi noti ileile huvutwa kwa nguvu zaidi, takriban kilo 25 hadi 30 kwa kila uzi wa chuma wa kontrabasi, na mwanzo wa noti huwa mpana na wenye mgongo. Daraja lake lina tao kubwa kiasi kwamba upinde unaweza kugusa uzi mmoja bila kugusa jirani zake. Tena chombo kinapokuwa wima, uzito wa mkono mzima wa kulia unashuka kwenye uzi kutoka begani, tofauti na gitaa ambalo kazi yake kubwa inafanywa na vidole na kifundo cha mkono.

Mimi ni mpigaji wa gitaa la besi wa siku nyingi. Mkono wa kushoto utalazimika kuanza upya?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na ni heri kulikubali jambo hili kabla ya kutoa pesa kuliko baada ya kuumia kifundo cha mkono. Hesabu yenyewe inaeleza sababu. Kwenye gitaa la besi, kuwekea kila freti kidole chake, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne, kunaudai mkono unyooke sentimita 13. Kwenye uzi wa sentimita 105, noti zilezile nne zinachukua karibu sentimita 16. Wako wenye mikono inayofika, lakini kufika si kupiga: mkono uliotanuliwa kiasi hicho hauwezi kubana uzi mzito kwa saa mbili za ibada bila kuchoka, na mkono uliochoka hupoteza usahihi wa noti kabla ya kupoteza kitu kingine chochote.

Ndiyo maana walimu wa kontrabasi, wakifuata mfumo uliosambazwa katika karne ya 19 na Franz Simandl, mwalimu wa Vienna, hutumia kidole cha shahada, cha kati na kidogo, huku kidole cha pete kikiwa msaidizi wa kidole kidogo. Katika eneo la chini la shingo, mkono mmoja uliotulia unafunika noti tatu zinazofuatana kwa nusutoni (hatua ya freti moja), yaani toni moja nzima kati ya kidole cha kwanza na cha mwisho. Kutoka Fa hadi Sol kwenye uzi wa Mi, toni hiyo inachukua sentimita 10.8. Ukihitaji noti ya nne, husogezi kidole, bali unausogeza mkono mzima, kiwiko kikiongoza, huku gumba likibaki nyuma ya shingo mkabala wa kidole cha kati na likisafiri pamoja na mkono.

Mfumo huo unaongeza idadi ya mihamo, na wapigaji wengi wa gitaa huona kwamba unawapunguzia kasi. Mwanzoni ni kweli. Hata hivyo, mhamo uliozoewa ni sahihi kuliko mnyoosho uliolazimishwa, na unapopanda shingo hali inazidi kuwa nyepesi: ukifika nusu ya uzi, oktava moja juu ya uzi mtupu, toni nzima inabaki sentimita 5.7 tu. Kuanzia hapo kidole cha pete kinachukua nafasi ya kidole kidogo, na gumba linatoka nyuma ya shingo na kulazwa juu ya nyuzi kama kidole kingine. François Rabbath, mpiga kontrabasi aliyezaliwa Aleppo na kufanya kazi yake Ufaransa, alionyesha pia njia ya kuliacha gumba mahali pamoja na kuuzungusha mkono juu yake ili kufikia noti za pande zote mbili. Njia hiyo inafaa sana kwenye besi za umeme zenye shingo nyembamba, ila ifuate baada ya ile ya kwanza kuzoeleka.

Usibane shingo kwa gumba. Egemeza chombo mwilini na uuache uzito wa mkono uvute vidole nyuma kuelekea begani. Ukiweza kuliondoa gumba kwa sekunde moja bila noti kufa, basi unabonyeza inavyopasa.

Nitajuaje kwamba noti yangu ni sahihi ikiwa hakuna freti?

Kwa sikio, kwa mkono unaokumbuka, na kwa macho kama msaada wa mwisho. Washa programu ya simu inayotoa noti moja isiyokatika, kwa mfano La, kisha piga ngazi ya La polepole ukisikiliza jinsi kila noti inavyokaa pamoja na ile inayolia. Noti iliyokosewa kidogo hutoa mawimbi yanayopanda na kushuka, na unaposogeza kidole hadi mawimbi hayo yatulie, umefika. Kipima noti chenye mshale ni kizuri kwa kukazia nyuzi, lakini kwa mazoezi ya kila siku kinayafundisha macho badala ya sikio.

Kontrabasi ya mbao ina msaada ambao besi nyingi za umeme hazina. Mkono unapopanda, gumba hugonga kisigino cha shingo, pale inapoungana na kiwiliwili, mahali panapojulikana, na kwa kawaida kidole cha kwanza kwenye uzi wa Sol huwa kinasimama kwenye Re, au nusutoni juu yake. Kabla ya kununua besi ya umeme, pitisha gumba nyuma ya shingo na uangalie kama kisigino hicho kipo na kama kipo mahali pake. Chombo chenye shingo iliyonyooka hadi chini bila alama yoyote ya kugusa kitakufanya utegemee vidoti vya pembeni, navyo havionekani vizuri pale taa za ukumbini zinapopungua.

Mkono wa kulia unapiga vipi?

Tumia ubavu wa kidole cha shahada badala ya ncha yake. Kidole kielekee chini, kikaribie kuwa sambamba na uzi, nyama nyingi iguse chuma, kisha mkono uvute kwa uzito wake hadi kidole kitulie kwenye uzi unaofuata. Piga karibu na mwisho wa ubao wa vidole. Ukisogea kuelekea kwenye daraja utapata sauti kali inayosikika ndani ya kelele, na ukipanda juu ya ubao itakuwa laini na yenye giza. Kwa mwendo wa kasi, shahada na kidole cha kati vipokezane, na hapo pembe ya vidole inaweza kukaribia ile ya gitaa.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linatoka hapahapa Katanga. Katika upigaji wa gitaa kavu wa Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, gumba hubeba nyuzi za chini na shahada huimba juu. Chukua kazi ya gumba peke yake, ishushe kwenye besi ya kusimama na uipige polepole sana, ukihakikisha kila noti inadumu hadi noti inayofuata. Utajifunza kuunganisha noti, ambalo ndilo jambo gumu zaidi kwa mtu anayetoka kwenye freti, na utajifunza kwa muziki ambao sikio lako linaujua tayari.

Je, inafaa kwa sebene?

Kwa maoni yangu, haifai sana, na sioni haya kulisema ingawa naipenda besi hii. Besi ya sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza dansi, imejengwa juu ya mipigo ya haraka ya gumba na shahada, noti zinazofungwa ghafla na miruko ya oktava, na yote hayo yametokana na uzi mfupi wa gitaa. Mahali pa besi ya kusimama ni sehemu ya kwanza ya wimbo, ile ya kuimba, ambapo besi inatembea kwa utulivu na kuitangulia kidogo zamu ya kodi (noti zinazolia pamoja) inayofuata kama wanavyofanya wapigaji wa Kuba. Bendi inayoweza iweke vyombo viwili jukwaani. Isiyoweza ichague kulingana na nyimbo zake, bila kuulazimisha mkono kufanya usichoumbiwa.

Katika kwaya hali ni tofauti. Nyimbo za taratibu za sauti nne huifaa mno, hasa pale upinde unapoweza kuishika noti ya chini kwa mistari miwili mizima.

Upinde unafanya kazi kwenye chombo cha umeme?

Unafanya kazi, mradi daraja liwe na tao la kutosha na pikapu isikie mtikisiko wa pembeni. Uzi unaovutwa kwa kidole na uzi unaosuguliwa kwa upinde havilitikisi daraja kwa namna moja, na baadhi ya pikapu, kama ile ya besi za kampuni ya NS Design za kiwango cha juu, zina swichi ya kuchagua kati ya hali hizo mbili. Bila mpangilio kama huo, sauti ya upinde inaweza kutoka ikiwa kali na yenye mikwaruzo, na dawa yake ni kupunguza masafa ya juu kwenye amplifaya.

Kuna namna mbili za kushika upinde: ya Kifaransa, kiganja kikiwa juu, na ya Kijerumani, kiganja kikiwa pembeni na kuelekea juu. Hakuna iliyo bora. Chagua ile ya mtu aliye karibu nawe anayeweza kukufundisha.

Nikichomeka besi moja kwa moja kwenye mikseri, sauti inatoka nyembamba kama ya redio ndogo. Chombo kimeharibika?

Karibu kila mara chombo ni kizima, na kosa liko mahali waya unapoingia. Hili ndilo jambo ninaloomba lisomwe kwa makini kuliko mengine, kwa sababu limewafanya watu wauze vyombo vizuri kwa bei ya hasara.

Besi nyingi za kusimama za umeme hutumia piezo, yaani kipande kidogo cha fuwele au kauri kinachotoa umeme kinapobanwa na kuachiwa. Kwa mtazamo wa mkondo, piezo hufanya kazi kama kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji), na kapasita ikiunganishwa na ukinzani wa kiingilio cha mikseri huwa kichujio kinachokata masafa ya chini. Chukua piezo yenye uwezo wa nanofaradi 1. Ikiingia kwenye kiingilio chenye ukinzani wa megaomu 10, kichujio kinaanza kukata kwenye hezi 16, chini ya noti zote za besi, na hupotezi chochote. Ikiingia kwenye megaomu 1, ambacho ni kiwango cha kawaida cha amplifaya za gitaa, inaanza kukata kwenye hezi 160, na tayari oktava nzima ya chini imedhoofika. Ikiingia kwenye kiloomu 47 za mikseri, ukataji unaanzia juu ya hezi 3,000, na kinachobaki ni mguso wa vidole na mlio wa chuma.

Hakuna kitufe cha kuongeza besi kitakachoirudisha sauti iliyokatwa hivyo bila kuleta ngurumo. Kinachohitajika ni priampu, yaani kifaa kidogo kinachokuza sauti kabla ya amplifaya, yenye kiingilio cha megaomu kadhaa, hadi 10, iwekwe karibu na chombo na kuunganishwa kwa kebo fupi. Baada ya priampu, kebo inayokwenda kwa fundi mitambo inaweza kuwa ndefu. Kama besi yako ina priampu ndani, angalia betri yake kwanza, kwani betri iliyoisha hutoa sauti nyembamba au yenye mikwaruzo inayofanana sana na kosa hili.

Pikapu za sumaku hazina tatizo hilo, lakini zinadai nyuzi zenye chuma, na sauti yake inaelekea zaidi upande wa gitaa la besi. Vyombo vingine vina aina zote mbili, na kuzichanganya kunatoa matokeo mazuri: sumaku kwa uzito, piezo kwa mguso.

Ninunue amplifaya ya nguvu kiasi gani?

Kwa mazoezi na kanisa dogo, wati 100 zinatosha. Kwa bendi yenye ngoma kamili, fikiria wati 300 au zaidi, na siku hizi amplifaya za aina ya D (class D) za ukubwa huo zina uzito wa kilo chache tu. Spika moja ya inchi 12, au mbili za inchi 10, hufaa. Usifadhaike ukisoma kwamba spika yako haishuki hadi hezi 41, kwa sababu sikio husikia noti ya chini kwa kuikamilisha kutoka kwenye harmoniki zake, yaani sauti za juu zinazolia pamoja nayo, ambazo spika inazitoa vizuri.

Nyongeza yenye faida kubwa kuliko wati ni kichujio kinachoondoa kila kitu kilicho chini ya hezi 35 au 40. Besi ya kusimama hutoa mitikisiko mingi isiyo muziki: kidole kinachogonga ubao, goti linalogusa kiwiliwili, mguu wa stendi unaokanyagwa na mwimbaji. Mitikisiko hiyo inaisukuma spika mbele na nyuma bila kusikika, inakula nguvu ya amplifaya, na mwishowe huikunja koni. Ukiiondoa, amplifaya ileile itasikika kana kwamba imeongezewa nguvu.

Jambo la kushukuru ni kwamba spika hazipigi miluzi kirahisi kama zinavyofanya kwa kontrabasi ya mbao, kwa kuwa hakuna tumbo linalotetemeka kwa sauti ya spika. Unaweza kusimama mbele ya amplifaya yako ukiwa jukwaani.

Kuna mvumo usioisha. Unatoka wapi?

Umeme wetu ni wa volti 220 na hezi 50, na mvumo wa hezi 50 pamoja na harmoniki zake mara nyingi hutokana na kasoro ya waya wa ardhini, au na vifaa viwili vilivyounganishwa ardhini kwa njia mbili tofauti. Chomeka amplifaya na priampu kwenye soketi moja. Kama mvumo unabaki unapotuma sauti kwa mikseri, kisanduku cha DI (kinachounganisha chombo na mikseri) chenye swichi ya kuinua ardhi kitaukata upande wa kebo ya sauti. Usikate kamwe waya wa ardhini kwenye plagi yenyewe ili kuondoa mvumo: mwanamuziki anayegusa nyuzi na mikrofoni kwa wakati mmoja anaweza kufa.

Jenereta ndogo hubadilisha volti kila mara mzigo unapobadilika, kwa hiyo tumia kifaa cha kutuliza umeme, na usiwashe amplifaya kabla jenereta haijatulia.

Ninaweza kufanya mazoezi usiku, au umeme ukikatika?

Hapa ndipo chombo hiki kinapojilipa. Baadhi ya besi za aina hii zina tundu la headifoni, na nyingine hutumia betri. Yamaha SLB300, kwa mfano, hutumia betri mbili za AA. Unaweza kupiga saa nne za usiku katika nyumba ya Katuba iliyopakana ukuta kwa ukuta na nyingine, bila jirani kujua. Kama haina tundu hilo, priampu ndogo ya betri yenye tundu la headifoni itafanya kazi hiyo.

Nyuzi zipi?

Anza na nyuzi za chuma za mvuto wa wastani zilizotengenezwa kwa kontrabasi ya ukubwa wa robo tatu. Spirocore za Thomastik ya Vienna zinadumu kwa noti ndefu na huvumilia miaka mingi ya kazi, ila si rafiki wa upinde. Helicore za D'Addario hukubali vidole na upinde pia. Nyuzi za utumbo au za nailoni zina ladha ya rumba ya zamani, lakini hazifanyi kazi na sumaku. Seti ni ghali, na kwa bahati njema nyuzi za kontrabasi hazichakai upesi kama za gitaa: zipanguse jasho kila unapomaliza kupiga.

Kimo cha nyuzi mwishoni mwa ubao kinaweza kuwa milimita 4 hadi 5 kwa Sol na 7 hadi 8 kwa Mi. Chini ya hapo mkono unapumzika, lakini sauti inaanza kufanana na gitaa na sababu ya kununua chombo inapotea.

Kiangazi chetu kinaweza kuipasua?

Kontrabasi ya mbao, ndiyo. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Septemba hewa hukauka sana, halafu mvua za Novemba zinarudisha unyevu kwa ghafla. Mbao nyembamba za tumbo husinyaa na kupasuka kwenye maungio. Kiwiliwili kizima cha besi ya umeme kinastahimili vizuri zaidi, lakini shingo bado ni mbao na husogea. Kagua kimo cha nyuzi mwanzoni mwa kila majira, rekebisha skrubu za daraja au fimbo ya chuma ya shingo kwa robo mzunguko kila mara, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Ni chapa gani ninunue, na itanifikiaje?

Kwa bajeti ya chini ya dola 1,000 kwa bei za Ulaya, EDB ya Stagg, chapa ya Ubelgiji, ndiyo inayopatikana kwa wingi. Iandalie pesa za nyuzi bora na priampu, na sauti itapanda sana. NS Design, ya mbunifu Ned Steinberger, ina vyombo vya bei ya kati vinavyosimama juu ya stendi ya miguu mitatu na kukunjika kwa urahisi. Tony Levin ni mmoja wa wapigaji wake wanaojulikana. Yamaha SLB300 inazidi dola 3,000, ina uzito wa takriban kilo 7, na vipande vyake vya kugusana na mwili huifanya ishikike kama kontrabasi halisi. Anayetaka kuhamia kontrabasi siku moja achague chombo kinachoegemea mwilini; anayetaka kubadilishana na gitaa katikati ya tamasha achague stendi.

Usafiri unaweza kufikia sehemu kubwa ya bei. Mizigo mingi inashuka Dar es Salaam na kupitia Zambia hadi Kasumbalesa, kwa hiyo omba chombo kifungwe na shingo ikiwa imelegezwa nyuzi, daraja likiwa limelazwa, na ankara ikiwa nje ya sanduku ili lisifunguliwe bila sababu.

Fundi wa hapa anaweza kunitengenezea?

Anaweza, na ni njia ninayoiunga mkono kwa moyo wote, mradi kazi igawanywe ipasavyo. Kiwiliwili na shingo si tatizo kwa seremala hodari. Mninga, mti ambao wengi hapa wanauita mulombwa, husinyaa kidogo sana unapokauka na hutulia baada ya hapo, sifa inayotakiwa katika chombo kinachopita kiangazi na masika. Ubao wa vidole unahitaji mti mgumu zaidi. Mpingo ndio mfalme wake, ila karibu jamii yake nzima iko katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu mwaka 2017, na anayekusudia kuvusha mbao hizo mpakani aulize vibali kwanza.

Nyuzi nne kwa pamoja huvuta shingo kwa zaidi ya kilo 100. Kwa hiyo shingo ipewe fimbo ya chuma inayorekebishika au mikanda miwili ya chuma iliyozamishwa, na mbao zake ziwe zimekaushwa kabla ya kuchongwa. Ubao wa vidole uchongwe kwa tao, na kwa urefu wake uzame kidogo katikati, takriban milimita 1, vinginevyo nyuzi zitagonga zinapotetemeka. Daraja na ufito wa kukazia nyuzi ni bora vinunuliwe tayari, kwa sababu kosa dogo hapo huharibu kazi yote nyingine. Piezo ya kubandika ijaribiwe kwa utepe sehemu mbalimbali za daraja, huku ikiwa imechomekwa kwenye priampu na nyuzi zikiwa zimekazwa kikamilifu, kabla ya kuweka gundi: milimita chache tu zinatosha kubadilisha uwiano kati ya Mi na Sol.